Harufu: Hakuna

Kwa Kiswahili harufu husikiwa kama sauti, na neno hilo moja ndilo lililompa Mzee Severini kazi, na ndilo lililokaribia kumnyang'anya.

Siku ya usaili Injinia Shamsia alikuwa na karatasi ya maswali ya afya. Alikuwa binti wa Kitanga, mpole, umri wa binti yake wa kumzaa kabisa. Akauliza: macho? Severini akajibu yanaona. Mgongo? Haujawahi kumlaza. "Na unasikia vizuri, mzee?"

Kazi yenyewe ilikuwa ya kulinda mashine ya gesi, kwa hiyo Severini alijua fika kwamba swali lile lilikuwa la pua. Injinia angesema "kunusa" mambo yangekwisha palepale. Lakini alisema "kusikia", na mzee akaona mlango uko wazi, akapita. Akainamisha kichwa upande, akatulia, halafu akasema, "Hata sasa hivi nasikia beringi ya feni yako inakwaruza. Itie mafuta kabla haijafa."

Shamsia akatazama juu kwenye feni, akacheka, akatia alama ya vema kwenye karatasi.

Hakusema uongo. Ndivyo alivyojiambia njia nzima kurudi nyumbani Mafiga, na mtu akijiambia jambo mara nyingi hivyo, ujue lina walakini. Ukweli ni kwamba pua yake ilikuwa imekufa zamani. Iliuawa na klorini katika kiwanda kilekile cha mablanketi alichotoka kuomba kazi, enzi kilipokuwa mali ya umma, alipokaa miaka kumi na saba kwenye matangi ya kupaushia pamba. Halafu kiwanda kikafungwa, wafanyakazi wakapunguzwa wote kwa siku moja, na Severini akaenda kulima kabichi kule Mgeta kwenye shamba la ukoo wa mke wake. Mluguru akilima ardhi ya ukoo wa mkewe anakula na kushiba, lakini ni mgeni. Miaka kumi na moja alikuwa "mume wa Kristina". Hakuna aliyemwita fundi.

Siri ya pua aliijua Kristina peke yake, maana siku moja alimwachia sufuria ya maharage jikoni, akarudi akamkuta mumewe amekaa kando yake katikati ya moshi, anatengeneza redio. Walicheka siku ile. Lakini alipozaliwa mjukuu wao wa kwanza, mtoto wa binti yao Prisca, Severini alimbeba, akamwekea pua utosini kama watu wote wanavyofanya, akavuta pumzi, asipate kitu. Akavuta tena. Alimrudisha mtoto kwa mama yake, akatoka nje, na siku ile hakucheka. Iliuma sana.

Basi kiwanda kikauzwa, tajiri mpya akakifufua, na ukawa ule mwaka wa mgao mkali, umeme unaondoka kama mgeni asiyeaga. Tajiri akachoka. Akaleta injini ya gesi na kuijengea banda nyuma ya kiwanda. Gesi ilitoka Songosongo kwa bomba hadi Dar. Kutoka Dar hadi Morogoro ikaja kwa lori, imeshindiliwa ndani ya mitungi mirefu. Wakatafutwa wazee waliozijua mashine, na Severini akaitwa. Mlinzi wa getini alimwambia, "Karibu, fundi," naye ilibidi ajifanye anafunga kamba ya kiatu ili asionekane uso.

Aliipenda ile injini. Hata Zuleha, mama lishe, aliliona hilo.

Zuleha alikuwa Mluguru Mwislamu wa Mlali, na ukoo wake na ukoo wa mama yake Severini ni watani tangu enzi za mababu. Mtani wa ukoo ndiye anayekuosha ukifa, na kwa sababu hiyo ana ruhusa ya kukuambia chochote ungali hai. Zuleha aliitumia ruhusa hiyo bila kubakiza. Kila siku saa tano na nusu alileta kahawa katika birika lenye kikombe cha makaa chini yake, akasimama nje ya mstari wa manjano uliochorwa kuzunguka banda, ambao moto haukutakiwa kuuvuka.

"Mtani," alimwambia siku moja, "mnatudanganya. Gesi ni ya kupikia. Inageukaje umeme?"

"Ukikoka jiko, moto wake unakwenda wapi?"

"Juu. Nusu unapotea."

"Sisi hatuuachi upotee. Gesi inaingia kwenye silinda pamoja na hewa, mlango unafungwa, pistoni inavishindilia. Halafu plagi inatoa cheche. Moto unawaka mle ndani na hauna pa kutokea, basi unaisukuma pistoni. Pistoni ziko kumi na mbili, zinasukumwa kwa zamu, na zote zinazungusha mhimili mmoja. Mhimili unazungusha sumaku kubwa ndani ya nyaya za shaba. Sumaku ikizunguka karibu na shaba, umeme unaamka."

"Kwa hiyo umeme hautoki kwenye gesi."

"Hautoki. Umewahi kuendesha baiskeli yenye dinamo? Miguu yako ina umeme?"

Zuleha akafikiri. "Basi gesi ndiyo inayokanyaga pedeli."

"Umefaulu kuliko wengine hapa," alisema Severini, na alimaanisha.

Aliijua injini kwa masikio na kwa kiganja. Pale gesi ilipopita kwenye regyuleta ikapunguzwa presha, bomba lilipoa mpaka likaota barafu nyeupe, katika joto lile la Morogoro; aliligusa kila asubuhi kama mtu anayemjulia hali mgonjwa. Kitu kimoja tu hakukijua. Gesi yenyewe haina harufu, lakini huko Dar huitia dawa inayonuka kusudi ikivuja watu wajue. Shamsia, kwa adabu zake za Kitanga, aliwafundisha kwamba inanuka kama mayai viza. Wafanyakazi, ambao si wa Tanga, walisema inanuka ushuzi.

Kilikuwepo king'ora cha kugundua gesi, kimefungwa juu karibu na paa, maana gesi hiyo ni nyepesi kuliko hewa, hupanda. Lakini kiliharibika mwezi wa pili kikapelekwa Dar. Wiki ya kwanza ikapita, ya pili, ya tano. "Mpaka kirudi," alisema Shamsia, "king'ora ni pua zenu." Akaongeza safu katika daftari la zamu. Kila saa moja mwendeshaji aliandika presha, joto la maji, mafuta, volti, na mwishoni: harufu. Kila saa moja Severini aliandika, kwa mwandiko wake mzuri wa shule ya misheni, hakuna. Hakuna. Hakuna. Na kila alipoandika, mkono ulikuwa mzito kidogo.

Alijipa moyo kwamba zamu ina watu wawili, na mwenzake alikuwa na pua nzima. Bahati mbaya mwenzake huyo alikuwa Deogratias, mume wa binti yake Prisca.

Shamsia ndiye aliyepanga zamu, wala hakujua. Na wao wawili hawakusema, kwa sababu kusema kungekuwa kama kulalamika. Basi wakakaa humo katika kijumba cha waendeshaji, kilichobandikwa ubavuni mwa banda la injini, mkwe na baba mkwe, saa nane kwa siku. Deogratias alikuwa kijana wa kanisani, amelelewa na bibi, na heshima ya ukwe alikuwa ameimeza nzima. Hakukaa benchi moja na Severini. Severini akila, yeye alitoka kukagua rejeta ya kupoza maji ya injini. Akitaka kumwambia jambo alilisema akiwa ameikazia macho geji ya presha, hata Severini akahisi kwamba geji ile ndiyo iliyomwoa Prisca.

Asubuhi moja ya masika mvua iliteremka kutoka mlimani kwa upepo. Uluguru yote ilikuwa imezama kwenye wingu. Matone yakaanza kuingia dirishani na kulowesha switibodi ya umeme, basi wakafunga madirisha yote ya kijumba. Severini alikuwa amekunywa chai kwa viazi vitamu na bakuli la maharage ya Mgeta, anajisikia vizuri.

Saa nne Deogratias alitoka nje kwenye mvua. Akarudi. Baada ya dakika kumi akatoka tena, akauacha mlango wazi.

"Funga mlango, mwanangu, maji yanaingia."

"Ndiyo, baba." Akafunga.

Severini akaandika: presha sawa, joto sawa, harufu hakuna. Akamwona kijana anafuta macho kwa leso, na leso ikachelewa kidogo puani. Mafua, alifikiri. Kijana akauegemea mlango, na mlango ukafunguka upenyo kama kwa bahati mbaya. Severini akamwambia tena, kwa upole, kwamba switibodi na maji havipatani. Deogratias akaufunga. Alikuwa na uso wa mtu anayesali.

Saa tano: harufu hakuna.

Saa tano na nusu alikuja Zuleha, kanga kichwani, birika mkononi, makaa yakiwa mekundu chini yake. Siku nyingine zote aliita kutoka kwenye mstari wa manjano, lakini mvua ile haikumpa nafasi. Alikimbia mpaka chini ya upenu, akausukuma mlango kwa kiwiko.

"Hodi humu nda... Astaghfirullahi!" Akarudi hatua moja, kanga puani. "Severini! Umekula nini wewe? Umejamba mpaka mashine inataka kupiga chafya! Na huyu mtoto wa watu umemfungia nayo humu?"

Severini alianza kucheka, maana mtani hujibiwa, na jibu alikuwa nalo mdomoni. Lakini macho yake yakaangukia kwa Deogratias. Kijana alikuwa anatazama sakafu, masikio yamemwiva kwa aibu. Aibu ile haikuwa yake. Alikuwa anamwonea aibu mtu mwingine. Severini akakumbuka mlango, leso, mlango tena. Na alijua vizuri sana kwamba yeye hakujamba.

"Zuleha," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu kuliko moyo wake, "rudi. Rudi na huo moto. Mpaka nje ya mstari, upesi."

Zuleha alimtazama usoni mara moja tu. Aligeuka akakimbia kwenye mvua, na birika zima akalitumbukiza kwenye dimbwi. Makaa yakalia chwaa. Severini alikuwa ameshabonyeza kitufe chekundu. Vali ikajifunga. Injini ikashusha pumzi, ikazunguka kidogo kwa mazoea, ikanyamaza. Kule kiwandani vitanda vya kufumia vikasimama vyote, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile mvua ikasikika juu ya mabati.

Walifungua kila dirisha, wakasimama nje wakilowa. Shamsia alikuja akikimbia na buti za mpira. Waliposubiri vya kutosha aliingia na ndoo ya povu la sabuni, akalipaka bomba lililopita ukutani mwa kijumba, kiungo baada ya kiungo. Kwenye kiungo cha tatu povu likavimba, likapasuka, likavimba tena, kama uji unaoanza kuchemka.

Kisha akachukua daftari.

"Saa nne, hakuna. Saa tano, hakuna." Alisoma bila kupaza sauti. "Mimi nimeisikia nikiwa kule kwenye maegesho ya magari. Nyie mlikuwa humu ndani. Deogratias, wewe ulisikia lini?"

"Saa nne kasorobo."

"Na hukusema?"

Deogratias akatazama geji.

"Nakuuliza kwa nini hukusema. Watu mia mbili na arobaini wako kiwandani. Huyu mama alikuwa na makaa mkononi!"

Kijana alikunja leso yake. Aseme nini? Kwamba alidhani baba wa mke wake anajamba kwa saa nzima na dakika arobaini na tano? Mbele yake? Ulimi wake ungekatika kwanza.

"Nilizembea," alisema. "Kosa ni langu peke yangu."

"Basi kusanya vitu vyako," alisema Shamsia, na alionekana hapendi anachokisema. "Siwezi kuwa na mtu anayesikia gesi akanyamaza."

Severini alisimama hapo, maji yakimchuruzika shingoni. Ilitosha anyamaze tu. Ya daftari yangehesabiwa kosa la kuandika, kijana angekwenda zake, na yeye kesho angeingia getini na kuitwa fundi. Alimfikiria Prisca. Alimfikiria yule mtoto na utosi wake usio na harufu. Akaona kwamba jina la fundi, likibaki kwa njia ile, hataweza kuliitikia.

"Injinia," alisema, "siku ile uliniuliza kama nasikia. Nilikujibu kwa masikio. Pua sina. Sina mwaka wa kumi na tano huu. Hizo 'hakuna' zote ulizosoma humo nimeziandika kama kipofu anayesifia rangi."

Shamsia alilifunga daftari.

"Na huyu hakuzembea. Huyu ni mkwe wangu, amemwoa binti yangu. Amesikia harufu, akadhani ni mimi. Angeniambiaje?"

Halafu Zuleha, nje ya mstari wa manjano, akaanza kucheka. Alijaribu kuziba mdomo kwa kanga iliyolowa, ikashindikana. "Ukwe!" alilia. "Ukwe ulitaka kutulipua! Wangetuzika wote kwa adabu!"

Shamsia aligeuka akatazama mlima ambao hauonekani. Mabega yake yalitikisika mara moja, mara mbili. Kwao Tanga wana wakwe pia. Alipogeuka tena uso ulikuwa umerudi mahali pake.

"Mzee, ulinidanganya."

"Nilikudanganya."

"Nenda nyumbani. Deogratias, wewe bado ni mfanyakazi. Chukua spana, tubadilishe kiungo hiki."

Severini alikwenda nyumbani. Hakumlaumu binti yule, hata kidogo. Siku ya tatu alipanda Mgeta kupalilia kabichi za ukoo wa Kristina, na jirani akamsalimu, "Mume wa Kristina, umerudi?" Akaitikia ndiyo, amerudi. Jioni alishuka peke yake, na Kristina, ambaye hakuwa mtu wa maneno, alimwekea maharage na kukaa karibu naye kuliko kawaida.

Wiki ya tatu, Jumapili baada ya misa, alikuja Deogratias. Alisimama kizingitini, mtoto begani.

"Shikamoo baba. Injinia anasema kesho uje. King'ora kimerudi, kimefungwa. Anasema injini inatoa mlio asiouelewa, na amemtafuta mtu wa kuusikia hajampata."

Severini aliitikia shikamoo kwanza, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa rahisi kuitikia. Kijana alikuwa bado hajaondoka. Alivuka kizingiti, jambo ambalo hakuwahi kulifanya bila kukaribishwa mara tatu, akamweka mtoto mikononi mwa babu yake. Halafu akaikazia macho boriti ya paa na kusema, kwa sauti ya mtu anayesoma vipimo:

"Ananukia maziwa, baba. Na mafuta ya nazi. Na kwa nyuma, hapo shingoni, moshi kidogo wa jikoni kwa bibi yake."

Severini aliinamisha uso wake utosini kwa mtoto na kukaa hivyo muda mrefu. Kristina alitoka kwenda kuangalia kuku ambao hawakuwa na shida yoyote.

Kesho yake, kabla ya kugusa kitu, alimwambia Deogratias, "Tukiwa humu ndani mimi si baba wa Prisca. Ukisikia, sema. Hata kama unadhani ni mimi. Hasa kama unadhani ni mimi."

"Ndiyo, baba," alisema Deogratias, na ndipo wote wawili walipojua kazi haitakuwa rahisi.

Mlio ulikuwa wa plagi ya silinda ya saba. Severini aliusikia akiwa bado mlangoni. Katika daftari safu ya harufu ilikuwa imepanuliwa, sasa iliuliza pia: imesikiwa na nani, chanzo nini. Siku zikapita, zikaandikwa hakuna, kwa pua ya Deogratias na sahihi ya wote wawili.

Mpaka Alhamisi moja, saa nane mchana, jua limewaka na mlima uko wazi mpaka kileleni. Severini alisikia kijana anakohoa. Akasikia anakohoa tena. Alipogeuka alimkuta ameshika ukingo wa meza, jasho linamtoka.

"Baba," alisema Deogratias. "Nasikia harufu."

Severini alisimama papo hapo. King'ora kilikuwa kimya, taa yake ya kijani inawaka. Hata hivyo alizima injini, akafungua madirisha, akachukua ndoo ya sabuni, akapaka kila kiungo, cha kwanza mpaka cha mwisho, bila haraka. Povu lilikaa. Hapakuwa na tundu hata la sindano. Kule kiwandani wafumaji walikuwa wameanza kutoka nje kuuliza kuna nini, na Deogratias alikuwa na uso wa mtu anayeiomba ardhi ipasuke.

Severini akanawa mikono. Akaketi, akavuta daftari, akaandika taratibu kwa mwandiko wake wa misheni. Saa: nane na dakika kumi. Harufu: ipo. Imesikiwa na: Deogratias. Siyo gesi. Chanzo: Severini, maharage.

Akatia sahihi, akaligeuza daftari, akampa mkwe wake kalamu. Deogratias naye akatia sahihi yake, macho yakiwa kwenye geji ya presha.